Kipuri Kisichokuwepo Duniani

Jirani yangu Yusta anadai kwamba siku ya uzinduzi alikuwa kwa dada yake, njia ya kushuka kutoka Lutindi, anaanika maharage, akaona Landrova ya kijani inapita mbele ya uwanja bila kutoa sauti yoyote. Anasema hata kuku hawakuruka. Anasema mbele alikaa mtu mwenye suti na tai, macho kayakodoa, midomo inacheza kama anasali, na nyuma yake msichana kakumbatia chupa ya chai. Yusta anaapa lile lilikuwa gari la majini. Ameshawaambia wanawake wote pale bombani.

Aliyekumbatia chupa ya chai ni mimi, kwa hiyo naweza kurekebisha taarifa hiyo. Mwenye suti alikuwa Mwenyekiti, na hakuwa anasali, alikuwa anahesabu kona. Gari halikuwa la majini. Lilikuwa mali halali ya Kamati ya Pamoja ya Kufufua Gari la Urithi, Handeni na Korogwe, na lilikuwa katika hali iitwayo kitaalamu mwendo usiotegemea injini, kwa mujibu wa azimio namba saba. Kuhusu kuku, Kamati haina maoni.

Mambo yalianza kwa tangazo. Lilibandikwa stendi, sokoni na kwenye mlango wa mashine ya kusaga, nami ndiye niliyebeba gundi. Lilisema: "Wananchi wote wanatangaziwa kuwa historia yao, iliyozimika kwa zaidi ya miaka ishirini, sasa itawaka." Chini yake kulikuwa na sahihi ya Mwenyekiti, Mheshimiwa Valentino, na mihuri miwili, mmoja kwa kila wilaya, ili wilaya moja isije ikanuna.

Historia yenyewe ilikuwa Landrova fupi ya petroli. Enzi za mkonge ilikuwa inawabeba wakaguzi kutoka shamba hadi shamba. Ofisi ya wakaguzi ilipofungwa, gari lilibaki kwenye banda moja hapa Korogwe, kuku wakalifanya mahali pa kutagia. Mwenyekiti alilipenda sana gari hilo kwa sababu baba yake aliwahi kupewa lifti ndani yake. Akaomba likabidhiwe kwa Kamati, na kwa kuwa Kamati haikuwepo, akaiunda. Tulirithi gari, kabati la chuma la ofisi ile, na kuku wawili ambao hawakutaka kuhama.

Mimi nilikuwa Afisa Ukarimu. Zamani kazi hiyo iliitwa kupika chai na kufagia, lakini Mwenyekiti alisema kwenye Kamati yake hakuna mtu mdogo, isipokuwa wakati wa kupiga picha. Pia nilipokea barua, kwa sababu daftari la barua lilikaa kwenye meza ya vikombe.

Fundi alikuwa Matayo, mwenye gereji nyuma ya stendi. Huyo mtu alifanya kazi. Ndani ya miezi mitano alifungua injini yote, akaiosha, akabadilisha ringi za pistoni, akakata gasketi kwa mkono, akasafisha kabureta mpaka ukiiangalia unajiona. Akafunga breki mpya. Siku aliyotuita tukashuhudie gari linawaka, Kamati nzima ilikuja na mashati ya Kamati. Matayo alifungua kifuniko cha distributa, kifaa cha kugawa moto wa injini, akachungulia, akakifunga. Akakifungua tena, kana kwamba alitegemea mara ya pili mambo yawe mengine.

"Bosi," alisema, "humu ndani hamna rota."

"Rota ni nini kitaalamu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kidude tu. Kinakaa hapa juu, kinazunguka, kinagawa moto kwenda kwenye plagi. Bila hicho hata ulisukume mpaka Handeni haliwaki."

"Kina ukubwa gani?"

Matayo alionyesha kidole gumba.

Mwenyekiti alicheka, na sisi tukacheka kwa kumfuata. "Matayo, Kamati ya wilaya mbili haiwezi kushindwa na kitu cha ukubwa wa kidole gumba."

Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Kesho yake Katibu, dada Janeth, alikwenda duka la spea la Adamu akiwa na barua ya maombi, nakala tatu. Mimi nilibeba faili. Adamu alikuwa anakula muhogo.

"Tunahitaji rota ya Landrova," alisema Katibu.

"Ya aina gani?"

"Ya urithi."

Adamu alitafuna, akameza. "Dada, rota zipo za kila namna. Shimo lake tofauti, urefu tofauti. Na hiyo distributa yenu Matayo kaniambia wazee wa mashambani waliichanganya, sehemu ya chini ya gari hili, ya juu ya gari lile. Leta cha zamani nikulinganishie."

"Cha zamani hakipo. Ndiyo maana tunanunua."

"Sasa mimi nitajuaje? Huwezi kuja kununua rota kwa mdomo. Hata mama akija kununua kifungo cha shati, anakuja na shati. Leta cha zamani."

Katibu aliandika kwenye daftari lake: Muuzaji ameonyesha kutokuwa tayari kushirikiana na historia. Adamu akamkaribisha muhogo. Katibu akaandika hilo pia.

Kikao kikakaa. Ilikubalika kwamba ili kununua rota mpya lazima uwe na rota ya zamani. Mjumbe mmoja aliuliza kama mtu mwenye rota ya zamani anahitaji mpya ya nini. Akaambiwa hoja yake ni nzuri na italetwa kikao kijacho, na kikao kijacho hakualikwa. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Kutafuta cha Zamani kwa Ajili ya Kununua Kipya.

Kamati Ndogo ilisafiri. Ilikwenda Tanga, ikaenda Moshi kwa ziara ya kujifunza, na Handeni ilikwenda mara nyingi hadi mahindi ya kuchoma ya Sindeni yakawa sehemu ya ratiba. Pale Sindeni gari letu la kukodi, lenye bango la Kamati mlangoni, lilikuwa linasimama kando ya barabara mbele ya nyumba moja yenye baraza la udongo. Kila tulipoegesha, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kushona kwa mkono alisimama barazani, akaweka kiganja kwenye mfuko wa shati, akaanza kuja. Kila alipokaribia, mahindi yalikuwa yameshalipiwa, na sisi tunaondoka.

"Wananchi wanatukubali," alisema Mwenyekiti, akimpungia mkono kupitia kioo.

Matokeo ya safari zile yalipangwa mezani kwa Matayo. Kulikuwa na rota ya lori, kipande cha mashine ya kushonea, na kitu kimoja cheusi ambacho Matayo alikigeuza, akakinusa, akasema ni kizibo cha dawa ya mifugo. Baadaye seremala wa Magoma alichonga rota ya mti wa mpera, akaipigilia kipande cha bati. Injini ilikohoa mara moja, ikapasua rota vipande viwili. Ripoti ilisema jaribio limefanikiwa kwa asilimia hamsini kwa kila kipande.

Ilikuwa mwezi wa nane alipoingia ofisini yule mzee wa kofia. Alipiga hodi mlangoni, mlango ukiwa wazi, akasubiri mpaka niliposimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo? Nimeleta barua. Hii ni ya kumi na tisa."

Aliitwa Sadala. Nilimpa kiti na chai. Barua yake ilikuwa mistari mitatu: yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari lile, rota ya gari anayo tangu siku liliposimama, anaomba apatikane mtu wa kuipokea na kutia sahihi.

Nilisoma mara mbili. Nikamuuliza, "Mzee, rota unayo?"

"Si ndiyo hii." Akagusa mfuko wa shati.

Alinieleza taratibu, anapuliza chai. Enzi zile magari yalikuwa yanaibwa. Bwana Mkaguzi alimpa amri: Sadala, gari likisimama jioni, toa rota, ilale mfukoni mwako, na usimpe mtu bila sahihi. Madereva wote wa mashambani walikuwa wanafanya hivyo. Mwizi akija atakuta gari, lakini atakuta halina roho. Basi Ijumaa moja alizima gari, akatoa rota, akaenda kwao Sindeni. Jumatatu akarudi, akakuta mlango una kufuli na Bwana Mkaguzi kahamishwa.

"Nikaandika barua. Nikaandika nyingine. Nilikuwa naziacha chini ya mlango pale pale ofisi ya zamani."

Niligeuka nikatazama kabati la chuma tulilorithi. Humo ndani kulikuwa na kifurushi cha bahasha zilizofungwa kwa kamba ya katani, hazijafunguliwa. Nilikuwa nimezipangusa vumbi kila Jumatatu.

"Sasa kifua changu si kizuri, binti," alisema. "Wanangu wanataka nikapasuliwe. Sikatai. Lakini hii ni amana. Naogopa kufa nayo. Amana ambayo hakuna mtu hata mmoja duniani anayekiri kuwa ni yake, nikiulizwa nitasema nilipewa na nani? Na hao watoto nyumbani wataona kidude tu, watampa mjukuu achezee."

"Nipe mimi, mzee, nimpelekee Mwenyekiti."

"Unaweza kutia sahihi na cheo?"

"Cheo changu ni Ukarimu."

Alikifikiria kile cheo kwa heshima kabisa, kama kilo ya kitu anachotaka kununua. "Hapana, mwanangu," alisema mwishoni. "Usinielewe vibaya."

Nikampeleka kwa Katibu.

"Mzee, una kibali?" aliuliza dada Janeth.

"Kibali cha nini, mama?"

"Cha kuleta kipuri. Kwenye daftari letu rota imeandikwa imepotea. Kitu kilichopotea hakiletwi ofisini, kinanunuliwa kwa utaratibu. Nikiipokea hii, nitakuwa na kitu ambacho kimaandishi hatuna."

"Lakini mama, hii hapa."

Alitoa kopo dogo la mafuta ya mgando, akalifungua, akafunua kitambaa cheupe. Ilikuwa ya kahawia, inang'aa kama kokwa ya ukwaju. Ukingoni ilikuwa imelika kidogo kwa miaka ya kulala mfukoni. Katibu aliitazama kwa mbali, vile unavyomtazama mtu anayekuja kukuomba kitu.

"Ina hati?"

"Haina."

"Basi kitaalamu bado ni kidude. Leta barua kutoka ofisi iliyokuajiri."

"Ofisi iliyoniajiri imekufa, mama. Nyie ndio mliorithi."

"Ndiyo maana tunahitaji barua yao. Acha hiyo yako hapo, utajibiwa."

"Lini?"

"Utajibiwa."

Mzee Sadala akalifunga kopo, akashukuru, akatoka akitembea kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Barua ikaingia kwenye kabati, kwenye kifurushi. Kamba ya katani ilitosha bado.

Mchana nilimpelekea Mwenyekiti chai. "Mheshimiwa, rota iko Sindeni."

"Taarifa hiyo umeipata kwa njia gani, Asnath?"

"Kwa macho."

"Macho si njia." Alinionea huruma. "Wewe uliishia la saba, si kosa lako. Lakini mambo haya yana mchakato."

Wiki iliyofuata nikamwambia tena. Mara hii alifunga mlango kwanza. "Hebu fikiria, Asnath. Kitu tumekitafuta mpaka Moshi. Leo isikike kilikuwa Sindeni, tena mbele ya mahindi! Wadau watatuelewaje?"

"Watafurahi kuwa kimepatikana, Mheshimiwa."

"Ongeza sukari," alisema.

Mwezi wa kumi ilitoka Ripoti Maalumu, kurasa arobaini na picha. Hitimisho lake lilikuwa la kisayansi: baada ya utafiti wa kina, imethibitika kuwa kipuri tajwa hakipo duniani. Mwenyekiti alitia sahihi mbele ya wajumbe, mihuri ikagongwa, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Niliwaza jinsi mzee mmoja wa Sindeni anavyotembea na kitu mfukoni ambacho kuanzia saa nane mchana kimekatazwa kuwepo.

Tatizo lilikuwa moja. Uzinduzi ulikuwa umeshatangazwa, na mgeni rasmi alikuwa ameshakubali. Ndipo likaja azimio namba saba. Lilisema: kwa kuwa gari haliwaki, na kwa kuwa Mungu ametujalia milima, uzinduzi ufanyike Lutindi, juu kabisa, mahali ambapo gari lina moyo wa kwenda lenyewe. Matayo akaulizwa kama kitaalamu inawezekana.

"Kushuka litashuka," alisema. "Hata gunia la viazi linashuka."

Katibu akatayarisha ratiba. Alichukua ratiba ya uzinduzi wa gari la wagonjwa wa mahali fulani, akabadilisha majina. Nilipokuwa nakunja nakala zake niliona imeandikwa: Saa 5:30, gari kushuka. Saa 6:15, gari kupanda na kumchukua mgeni rasmi.

"Dada Janeth, litapandaje?"

"Asnath, ratiba imeshapigwa chapa."

Sikuuliza tena. Nilikwenda uani, nikatoa simu yangu ya kitochi, nikampigia Mzee Sadala kwa namba aliyoiandika chini ya barua yake.

"Mzee, Jumamosi, pale mlima unapoishia, karibu na karavati na ule msikiti mdogo. Kuanzia saa tano na nusu hivi kutakuwa na mtu mwenye sahihi na cheo."

"Atakuwa na nafasi ya kunisikiliza?"

"Atakuwa na nafasi kubwa sana, mzee."

Jumamosi ilifika na jua zuri. Lutindi kulikuwa na kwaya, viti vya kukodi, na utepe uliofungwa kutoka kioo kimoja cha gari hadi kingine. Gari, lililovutwa na lori mpaka juu usiku ili wageni wasione, lilikuwa linang'aa. Mgeni rasmi alikata utepe, akasema kwamba taifa lisilotunza magari yake ni taifa linalotembea kwa miguu. Watu wakapiga makofi. Akauliza, "Nami nitapanda lini?" Mwenyekiti akamwonyesha ratiba: saa sita na robo, likirudi.

Usukani alishika Mwenyekiti mwenyewe, kwa ajili ya picha. Mimi niliwekwa nyuma na chupa ya chai, kwa sababu Ukarimu lazima uwepo kila panapokwenda Kamati. Matayo aliingiza kichwa dirishani.

"Bosi, breki ni mpya, usiogope. Kona ni kumi na moja. Na usikanyage mafuta, hayasaidii kitu."

Vijana sita walisukuma. Walikuwa wametambulishwa kwa wageni kama Kikosi cha Kuanzisha Mwendo. Gari likasita, likakubali, likaanza kwenda.

Sijawahi kupanda gari linalokwenda kimya. Unasikia kila kitu. Nilisikia majani ya migomba, mtoto analia, redio ya mtu inatoa bei za nyanya. Nilisikia watu wa kando wanatujadili kana kwamba hatupo.

"Mbona halilii?"

"La umeme hilo. Siku hizi yapo."

"La umeme wapi, mwone dereva alivyokauka!"

"Nne," alisema Mwenyekiti. "Tano." Jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye tai. Kwenye kona ya nane tulimpita mwanamke anayeanika maharage, mdomo wazi, na huyo ndiye Yusta. Kona ya kumi na moja ilipoisha, barabara ilinyooka, mlima ukakosa la kutupa zaidi, na gari likapunguza, likapunguza, likasimama karibu na karavati kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mzee Sadala alikuwa amekaa juu ya jiwe, kanzu safi, kofia safi. Alisimama. Hakututazama sisi kwanza. Alilitazama gari, akalizunguka, akagusa tairi moja moja, akapitisha kiganja kwenye boneti.

"Asalaam aleikum, mzee wangu," alisema Mwenyekiti, akishuka na kujipangusa. Simu yake ilianza kulia. Alitazama jina la mgeni rasmi, akasimama wima kabla ya kupokea. "Ndiyo, Mheshimiwa. Tumefika salama, Mheshimiwa. Tunageuza."

Watu walikuwa wanakusanyika, wengi wao walitufuata kwa miguu kutoka kona za juu ili waone gari la majini linakula nini. Mzee Sadala akafungua boneti bila kutafuta mahali pa kubonyeza. Akatoa kopo, akafunua kitambaa, akaondoa kifuniko cha distributa kwa vidole viwili, akaweka rota. Ilisema *tak*. Akarudisha kifuniko. Akaingia ndani, akasoma dua yake, akawasha.

Injini ilizunguka mara mbili, gari likawaka. Lilinguruma mpaka nzi waliokuwa kwenye karavati wakahama. Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga, chupa ikiwa mkononi. Miezi ile yote ya Matayo ilikuwa inanguruma pale, na Moshi, na Tanga, na mti wa mpera. Mwenyekiti alifungua mikono kama mtu anayekaribisha wageni kwenye arusi ya mwanawe.

Mzee Sadala akasikiliza injini mpaka alipotosheka, akatabasamu, akaizima. Akashuka. Akafungua kifuniko, akatoa rota, akaifunga kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kopo, kopo mfukoni.

"Sasa mbona unatoa?" Mwenyekiti alipaza sauti.

"Gari likisimama rota inalala mfukoni. Ndivyo nilivyoagizwa." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilishaandika kila kitu, mheshimiwa. *Nimepokea rota ya gari kutoka kwa Sadala.* Weka jina, cheo na sahihi, uichukue. Mimi nitalala usingizi."

Mwenyekiti aliishika kalamu. Nilimwona akiipeleka kwenye karatasi, na nikaona mahali alipokumbuka ripoti. Kurasa arobaini, sahihi hiyo hiyo. Kalamu ikabaki hewani.

"Mzee wangu, kupokea ni neno zito. Nikiandika nimepokea, maana yake ipo. Na kiofisi haipo." Simu ikalia tena, hakupokea. "Tufanye hivi: niazime tu. Napanda, nashuka, nakurudishia."

"Azima kwa mdomo?" mama mmoja katikati ya watu aliuliza. "Hata ungo wangu siazimishi hivyo."

Mzee Sadala aliwaza. "Kuazima inawezekana. Ila ofisi yenu imenifundisha, kila kitu kwa barua."

Mwenyekiti akapata nguvu. Barua ya kuomba si hati ya kupokea, alininong'oneza, hapo hatujavunja kitu. Akaweka ratiba juu ya boneti, akaigeuza nyuma palipokuwa peupe, akaanza kuandika haraka. Mzee Sadala alisimama pembeni anamsomea polepole, kama mwalimu wa imla.

"Mimi Valentino, Mwenyekiti wa Kamati, naomba kuazimwa rota ya gari…"

"…rota inayosadikika kuwepo," aliandika Mwenyekiti.

"Futa hapo. Andika: ambayo ipo."

Simu ililia. Akafuta, akaandika ipo.

"…na ambayo imetunzwa na Sadala, dereva, tangu siku gari liliposimama, kama alivyotuarifu kwa barua kumi na tisa."

"Kumi na tisa ni lazima?"

"Ndizo nilizoandika."

Akaandika. Akatia sahihi, ile ile ya kurasa arobaini, akaweka na tarehe. Mzee akanipa mimi kalamu. "Binti, wewe uwe shahidi. Andika na cheo."

"Cheo changu ni Ukarimu, mzee."

"Kwa ushahidi kinatosha."

Nikaandika: Asnath, Afisa Ukarimu. Mzee Sadala akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote, midomo inatembea. Kisha akashusha pumzi ndefu ambayo naona ilikuwa imekaa kifuani mwake muda mrefu kuliko huo ugonjwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa imeandikwa ipo, na mwenyewe anajulikana. Hata nikifa kwenye kisu cha daktari, wanangu watajua kitu ni nini na wakipeleke kwa nani." Akaikunja, akaiweka mfuko mmoja na kopo, akapigapiga juu yake.

"Haya," alisema Mwenyekiti, kiganja mbele. "Nipatie basi."

"Barua yako imepokelewa."

"Ndiyo, kwa hiyo nipe."

"Utajibiwa."

"Lini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Utajibiwa," alisema Mzee Sadala, bila ubaya wowote. Kutoka kwenye ule msikiti mdogo adhana ya adhuhuri ilianza. Akatuaga kwa mkono kifuani, akaenda zake, na safari hii sikumwona akipumzika njiani.

Mwenyekiti alipokea simu. "Ndiyo, Mheshimiwa… Saa sita na robo, ndiyo, naona imepita… Gari liko kwenye mchakato, Mheshimiwa." Akasikiliza kwa muda. Akakaa juu ya lile jiwe alilokuwa amekalia mzee. Watu nao wakakaa, hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

"Asnath," aliniita, sauti chini. "Wewe ndiye unayepokea barua pale ofisini. Kwa kawaida mtu husubiri muda gani?"

Nilifungua chupa, nikammiminia chai.